Kichwa Namba Nne

4 Machi

Shemeji yangu Kinyozi,

Mimi mzima, nakula, nalala, na daktari anasema presha yangu ni ya kijana. Salamu zimeisha. Sasa tugombane.

Jana nilikuwa kwa fundi viatu nasubiri soli, nikaokota gazeti kuukuu alilokuwa anafutia gundi. Nalifungua, nakutana na nani? Ubao wetu. Ule wa vichwa sita niliokuchorea mimi, uliokaa juu ya mlango wa kibanda chako cha kunyolea tangu marehemu dada yangu hajakukubali bado. Uko Makumbusho ya Jiji, ukutani, unaandaliwa kwa maonyesho yajayo, umemulikwa taa kama mgonjwa anayesubiri kupasuliwa. Nilipiga kelele mpaka fundi viatu akajichoma sindano.

Furaha yenyewe haikufika mbali, shemeji. Ubao ni mchafu. Namba mbili ana vinyesi vya nzi kwenye paji la uso, na namba nne amebanduka kama ukuta wa bafuni. Unanijua mimi. Nimeandika majina ya meli katika bandari tatu. Nimechora simba kwenye mlango wa lori mpaka dereva akawa anapandia upande wa pili. Na yeyote aliyechorewa na Brashi Moja anajua ahadi yangu: rangi ikichoka narudi, napiga msasa, napaka upya, bure, mpaka mmoja wetu afe. Sasa watu wenye miwani watakuja kuukodolea macho ubao wangu ukiwa uchi namna ile, na mimi sijafa.

La pili ni baya zaidi. Chini yake wameandika, kwa herufi nyembamba zisizo na afya: “Kazi ya kinyozi wa mtaani aliyejifunza mwenyewe kuchora.” Kinyozi ndiye wewe. Kuchora ndiko kupi? Siku pekee uliyoshika brashi ulipaka mlango wa choo, na mpaka leo haufungi.

Unakumbuka baraza la mji lilivyokuwa linapita na gari kung'oa mabango yetu, eti tunachafua barabara? Na yule bwana mkubwa wa elimu aliyesema tunachora kwa sababu ya njaa? Leo uchafu uleule una mlinzi mwenye tai. Siwalaumu, watu hubadilika. Ila wakibadilika, wabadilike na majina sahihi.

Niandikie upesi ni nani hapo makumbusho aliyekosea, nikamnyooshe. Na msalimie mjukuu wako, mwambie babu yake wa upande huu bado ni mtanashati.

Wako mwenye hasira nzuri,
Brashi Moja


15 Machi

Shemeji Brashi Moja,

Barua nimeipata. Nashukuru kusikia presha yako ni ya kijana, na hasira pia.

Jengo lenye kibanda changu lilivunjwa, hilo unalijua, ndiyo maana niko huku kwa mwanangu. Siku ya kubomoa, wale vijana wa nyundo walitaka kuupasua ubao wachemshie chai. Watu wa makumbusho wakatokea wakiwa na glavu nyeupe. Nikawapa. Waliupokea kwa heshima kuliko walivyonipa mkono mimi. Wakauliza maswali, nikajibu.

Ubao umestaafu kama mimi. Nakuomba kitu kimoja: usiende kuupaka. Uache ulivyo.

Mjukuu anakusalimia. Anauliza mtanashati ni wa mwaka gani.

Shemeji yako,
Kinyozi


20 Machi

Kwa Mheshimiwa Mhifadhi wa Michoro,
Makumbusho ya Jiji

Mama, au Bwana, gazeti halikusema,

Mimi ndiye niliyechora ubao wa vichwa sita ulioko ukutani kwenu. Elimu yangu iliishia darasa la sita kwa sababu mwalimu alichoka, siyo mimi, kwa hiyo kama kuna neno nimelikosea hapa lichukulie kama mtindo wangu.

Nyie mmeandika kwamba aliyechora ni kinyozi. Kinyozi huyo ni mume wa marehemu dada yangu, mtu mwema, na mkasi wake ulikuwa na jina mjini. Lakini hawezi kuchora hata yai. Ubao ulipachikwa namba, moja mpaka sita, ili mteja akikaa kitini anyooshe kidole tu, “nipe namba tano,” kazi ianze. Namba hizo, nyuso hizo, masikio hayo, ni mkono wangu. Masikio hasa. Hakuna mtu nchi hii anayechora sikio kama mimi, na hilo silisemi kwa majivuno, ni taarifa.

Naomba mawili. Kwanza, mrekebishe maandishi. Pili, mniruhusu nije na brashi zangu kabla hamjafungua maonyesho. Sitaki malipo wala usafiri. Nusu siku inanitosha. Mtakapowakaribisha wageni, namba nne ataonekana ametoka kunyolewa asubuhi ileile.

Nasubiri kwa heshima na kwa haraka,
Brashi Moja, mchoraji wa mabango, kuta, meli na malori


2 Aprili

Ndugu Brashi Moja,

Tunakushukuru kwa barua yako na kwa mapenzi yako kwa makumbusho yetu.

Kitu kikishaingia katika hazina yetu haruhusiwi mtu yeyote kukigusa, hata aliyekitengeneza. Zaidi ya hapo, kule kuchakaa unakokulalamikia ndiko kulikotuvutia. Rangi ya juu imebanduka na kufunua zile za chini, hivyo mtazamaji anaiona miaka mingi kwa mtazamo mmoja. Kwetu sisi, kuupaka upya ubao huu ni kuuharibu.

Kuhusu mchoraji: aliyetukabidhi tulimuuliza mara mbili, mbele ya maofisa wetu wawili, ni nani msanii wa kazi hii. Mara zote mbili alijibu kwamba ni yeye. Hatuna sababu ya kumtilia shaka mzee wa watu. Ukiwa na ushahidi mwingine, tutaupokea.

Maonyesho yatafunguliwa tarehe 30 Aprili. Unakaribishwa kama mgeni mwingine yeyote.

Mhifadhi wa Michoro
(Ni Mama.)


6 Aprili

Kinyozi,

Safari hii sikuiti shemeji. Nitaanza tena ukijirekebisha.

Nimeletewa barua ya makumbusho. Niliisoma nikakaa chini, na kiti hakikuwepo. Eti ulisema ni wewe. Mara mbili. Mimi nilikutetea peke yangu humu chumbani siku nzima. Nikasema mzee wa watu ameona glavu akaogopa. Nikasema labda alidhani ni wale wa baraza la mji wamerudi kutafuta mchoraji wa kumkamata, akajitoa yeye ili mimi nipone. Nilikaribia kulia kwa huo wema wako. Ilipofika jioni nikakumbuka kwamba wewe hujawahi kumwogopa mtu, hata dada yangu.

Sikiliza. Nimechora nusu ya mji huu. Bucha, gereji, shule ya chekechea, ukuta wa zahanati wenye yule mama anayenyonyesha. Wiki iliyopita nimezunguka kuvitafuta. Bucha imevunjwa. Gereji imepakwa tangazo la simu. Yule mama wa zahanati wamemfunika kwa rangi ya bluu, limebaki sikio tu, na hata hilo mimi ndiye ninayejua ni sikio. Kwa hiyo umebaki ubao mmoja duniani wa kuonyesha kwamba nilipita, na huo mmoja umeubeba wewe. Ungenichukulia suruali ningecheka.

Halafu huo mwandiko wako. Zamani barua zako zilikuwa kama kuku kapita kwenye wino. Sasa herufi zimepanga mstari kama watoto wa shule. Umejifunza kuchora, umejifunza kuandika, keshokutwa utaniambia umeanza kuimba.

Nijibu. Na usinijibu kwa mistari mitano.

Brashi Moja


19 Aprili

Shemeji (mimi bado nakuita),

Sikuogopa glavu wala sikuchanganyikiwa. Nilijua wanauliza nini. Nikasema ni mimi, na wakirudi kuuliza nitasema tena.

Wewe ulichora nini pale? Ulikaa juu ya ndoo yako, ukamtazama kijana niliyemaliza kumnyoa, ukamwiga. Kilichokuwa kichwani kwake kilitoka wapi? Namba nne haikuwepo duniani mpaka nilipoitoa mimi kwa mkasi na wembe. Yule kijana alikuwa na bonde dogo upande wa kushoto wa paji, nikalifuata, ndiyo maana mstari wa mbele ukapinda kidogo kama nyusi ya mtu anayetaka kucheka. Watu walitoka mbali kuja kukata namba nne. Mara ya kwanza uliuchora mstari ule kama ulivyokuwa, na nilikusifu. Mbele ya dada yako nilikusifu.

Kisha ukarudi na ahadi yako ya kupaka upya. Ukaunyoosha kwa rula. Uliporudi tena ukaunyoosha zaidi, ukasema umempendezesha. Tangu siku ile kila anayekaa kitini ananyoosha kidole, nipe namba nne. Nikimaliza anajitazama kwenye kioo, anatazama ubao, ananiuliza, “Mzee, mbona hukukata kama ile?” Shemeji, hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kubeba mstari wako. Nilikuwa nashindwa na ubao wa mlangoni kwangu, kila siku, mbele ya wateja. Na aliyenifanyia hivyo ni kaka wa mke wangu, amefanya kwa moyo mweupe, bure, huku anapiga mluzi. Ningekuambia nini?

Jua ndilo lililonisaidia. Rangi yako ya juu ilianza kubanduka na mstari wangu ukatokeza chini yake. Kila ulipoleta habari kwamba unakuja na brashi, nilikujibu nina shughuli. Sikuwa na shughuli yoyote. Na watu wa makumbusho waliponiambia kwamba kwao haruhusiwi mtu kugusa, niliwapa hapohapo.

Unalia kuta zako zimevunjwa. Zilisimama, lakini. Kazi yangu ilikuwa inaota nywele baada ya wiki mbili. Ukiuondoa mstari ule, yote iliishia kwenye ufagio.

Kinyozi

Babu Brashi, ni mimi mjukuu. Barua hii na ile ya kwanza nimeandika mimi, babu anasema mimi naandika. Mikono inamtetemeka tangu mwaka juzi, hashiki kalamu wala wembe. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Alinikataza kukuambia. Haya nimeyaongeza baada ya kumsomea, kabla ya kufunga bahasha. Tafadhali usiseme kwamba unajua.


5 Mei

Ndugu Brashi Moja,

Nakuandikia kuhusu yaliyotokea siku ya ufunguzi.

Mlinzi wetu ameripoti kwamba ulivuka kamba, ukasimama ukiupa ubao mgongo na kuwahutubia wageni, akiwemo mgeni rasmi. Uliposihiwa utoke, ulimwambia mlinzi kwamba aliyemnyoa alikuwa adui yake. Makumbusho haiwezi kuruhusu mambo ya namna hiyo, na nalazimika kukuonya kwa maandishi.

Nilikuwa karibu na nilisikia uliyosema. Nimeshangaa kwamba hukutaja uchoraji wako hata mara moja.

Sasa la pili. Tumelinganisha ubao huu na mabango mawili ya zamani yenye jina lako, yaliyopatikana kwa mkusanyaji mmoja. Masikio ni yaleyale. Hatuna shaka tena kwamba mchoraji ni wewe, na tunakuomba radhi. Maelezo yatabadilishwa na utatajwa wewe peke yako kama msanii. Aliyetukabidhi atatajwa kama mmiliki wa awali. Tafadhali tia sahihi kwenye karatasi niliyoambatanisha na uirudishe.

Mhifadhi wa Michoro


10 Mei

Mama Mhifadhi,

Nimefurahi kuhusu masikio. Niliwaambia.

Karatasi sijatia sahihi. Weka majina mawili. Aliyekata: Kinyozi. Aliyechora: Brashi Moja. Yeye atangulie, maana alianza yeye. Ukifanya hivyo nitasaini hata mara tatu, na mlinzi nitamtafutia mtu wa kumrekebisha kisogo.

Kuhusu kupaka upya, nimeacha. Hata mkiniita sitakuja.

Brashi Moja


21 Mei

Ndugu Brashi Moja,

Ombi lako nililipeleka kwenye kamati na nililitetea. Kamati imejibu kwamba unyoaji haumo katika aina za sanaa ambazo makumbusho inazitambua. Mjumbe mmoja aliuliza, tukimtaja kinyozi, kesho tumtaje na fundi aliyeshona mashati ya hao waliochorwa? Nilimjibu kwamba pengine ndiyo. Hakupenda.

Kwa kuwa sasa kuna madai mawili na hakuna sahihi, taratibu zinataka ubao uondolewe maonyeshoni. Umepelekwa ghalani leo asubuhi, umefungwa kwenye karatasi maalumu, hauna jua wala vumbi. Utakaa huko mpaka kamati ikae tena mwakani.

Nasikitika. Binafsi, nilikuwa naupita kila siku nikiingia kazini, na tangu siku ile ya kelele zako nilikuwa naangalia ule mstari.

Mhifadhi wa Michoro


28 Mei

Shemeji,

Umeona nimeanza tena kukuita.

Kaa vizuri nikueleze, maana mambo yameharibika na safari hii nashindwa hata kujisifu. Nilikwenda kwenye ufunguzi. Nilivaa ile suti ya kijivu. Nilikuwa nimepanga kusimama pembeni ya ubao na kuwaambia watu wote mimi ni nani, na hotuba nilikuwa nayo tayari, ina vichekesho ndani.

Nafika, wamejaa. Wanaume wenye skafu na joto lile. Bibi mmoja anausogelea ubao anasema rangi iliyobanduka inamfanya afikirie usahaulifu. Mwenzake anasema hapana, umaskini. Mwingine anapiga picha kutu ya msumari. Shemeji, nilisubiri. Nilisubiri mtu mmoja tu aseme, huyu namba nne kanyolewa vizuri. Hakuna. Wamekuja kuangalia ubao wa kinyozi na hakuna hata mmoja aliyeangalia nywele.

Nikavuka kamba. Hotuba yangu ilipotelea wapi sijui. Nikawaonyesha pale rangi ilipofunguka, nikawaambia angalieni mstari huu, angalieni unavyoshuka na bonde la paji, mtu aliyekata hivi hakutumia rula, alitumia kidole gumba cha kushoto kuhisi mfupa, nilimwona kwa macho yangu. Nikawaeleza jinsi ulivyokuwa unashusha pembeni mpaka huoni nywele zimeishia wapi na ngozi imeanzia wapi. Yule bibi wa usahaulifu akauliza, kwa hiyo mchoro unahusu unyoaji? Nikamwambia mama, sasa ulidhani unahusu mbao? Hapo ndipo mlinzi aliponishika kiwiko.

Baadaye wakaniandikia wamegundua kwamba mimi ndiye mchoraji. Wanataka kuandika jina langu peke yangu. Lilelile nililokuwa nalililia. Nikakataa, nikataka mawili, wewe ukitangulia. Wamesema kunyoa siyo sanaa. Shemeji, hao ndio wajukuu wa waliosema kuchora mabango siyo sanaa. Wamesogeza kamba hatua moja, mimi nimeingia, wewe umebaki nje, na wanangoja niwashukuru. Sikusaini. Sasa ubao wameufunga kwenye karatasi wameutia ghalani, na hakuna anayeuona, si wao, si mimi, si wewe. Huo ndio ushindi niliokuletea. Nimekuwa nikitembea humu ndani nikipiga mateke ndoo.

Bado nasema mstari wangu wa rula ulikuwa mzuri. Hilo sitalifuta. Lakini haukuwa wa mtu yeyote.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na usinikatalie. Nimenunua kipande cha plaiwudi, nimekipaka rangi ya kwanza, kinakauka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao nakuja huko kwa mwanao. Tafuta kiti, tafuta kitambaa cha shingoni, mkasi wako na wembe wako. Utaninyoa. Mjukuu atatuwekea kioo mbele, na mimi nitatuchora tunavyoonekana humo kwenye kioo ukiwa unaninyoa, wewe mzima, uso na mikono, siyo kichwa tu. Kichwa changu sijakigusa tangu mwezi uliopita kwa ajili hiyo.

Utakakopita wembe ndiko itakakopita brashi. Ukipinda, nitapinda. Ukiruka, nitaruka. Ukinikata, nitachora na damu, rangi nyekundu ninayo nyingi. Rula naiacha nyumbani. Tukimaliza tutautundika kwenye ukuta wa barabarani, sote wawili tumeandikwa, na yeyote atakayepita atasema anachotaka.

Shemeji yako,
Brashi Moja


12 Juni

Shemeji

Hii naandika mwenyewe. Ndiyo maana ni fupi na imekwenda kama unavyoiona.

Mtoto amekiri.

Njoo. Kichwa chako hakijaota kitu juu tangu msiba wa dada yako, wewe mwenyewe tu ndiye hujui. Lakini zilizobaki nyuma ya masikio zinatosha.

Kinyozi